Hamilton na hesabu ya jeni zenye choyo

Wakazi wa Ukunda, Diani na Msambweni wanamfahamu mbu kuliko wanavyomfahamu mtaalamu yeyote wa mbu, na pengine ndiyo sababu jina la William Donald Hamilton si maarufu katika magazeti yetu. Hata hivyo, huyu ni miongoni mwa wanasayansi wachache wa karne ya 20 ambao mawazo yao yanatugusa sisi watu wa Pwani ya Kusini, tupende tusipende. Mnamo mwaka 1967 alipiga hesabu kuonyesha jinsi kipande kidogo cha urithi, kinachojipendelea chenyewe, kinavyoweza kuenea katika jamii nzima ya wadudu hadi jamii hiyo ikatoweka. Miaka 33 baadaye alitoka katika misitu ya Kisangani akiwa na malaria mwilini, na wiki chache tu baadaye akafariki. Sasa hesabu ile imetoka katika karatasi na kuingia katika maabara, na baadhi ya maabara hizo ziko Afrika Mashariki. Kwa hiyo si vibaya tukimjua mtu mwenyewe.

Hamilton alizaliwa Cairo, Misri, tarehe 1 Agosti 1936, kwa wazazi wenye asili ya New Zealand. Baba yake alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja, aliyewahi kujenga barabara katika milima ya Wakurdi. Mama yake alikuwa daktari. Familia ilihamia Uingereza na mtoto akakulia mashambani katika jimbo la Kent, akikusanya vipepeo na mbawakawa tangu utotoni. Alipokuwa na umri wa miaka 12 alikuta baruti ambazo baba yake alikuwa amezihifadhi tangu wakati wa vita, akazichezea, zikamlipukia. Alipoteza ncha za vidole vya mkono mmoja, na vipande vya shaba vikamwingia kifuani. Aliponea chupuchupu, kwanza kwa ujuzi wa mama yake na kisha kwa kisu cha madaktari wa London. Msomaji na aliweke akilini tukio hilo, kwani nitalihitaji tena mbele.

Katika Chuo Kikuu cha Cambridge alikutana na kitabu cha Ronald Fisher cha mwaka 1930 juu ya uteuzi wa kimaumbile, akakisoma kuliko alivyosoma masomo aliyopangiwa. Swali lililomkaa rohoni lilikuwa lile lililomsumbua Charles Darwin karne moja kabla yake. Ikiwa viumbe huishi kwa kushindana, na anayezaa sana ndiye anayeacha mfano wake duniani, basi nyuki mtumishi asiyezaa kabisa, anayemchoma adui na kufa papo hapo, ametoka wapi? Tabia ya kujitoa mhanga ingepaswa kufa pamoja na wanaojitoa mhanga. Walimu wengi wa wakati huo walijibu juu juu kwamba kiumbe hufanya hivyo kwa faida ya kabila lake zima la viumbe. Hamilton aliliona jibu hilo kuwa si jibu.

Alihamia London kwa masomo ya udaktari, akawa kati ya vyuo viwili, na katika vyuo vyote viwili hapakuwa na mtu aliyeelewa hasa alichokuwa akikitafuta. Hakuwa na dawati lake. Alikaa peke yake katika chumba cha kupanga, na jioni zingine alikwenda kuketi kwenye mabenchi ya stesheni ya reli ya Waterloo, akiandika hesabu zake huku abiria wakipita, kwa sababu tu alitaka kuwa karibu na watu. Wale kati yetu tuliowahi kuandika tasnifu ugenini tunaijua hali hiyo, ingawa si wote tuliotoka nayo na matunda kama yake.

Matunda yenyewe yalichapishwa mwaka 1964 katika makala mbili nzito zilizojaa alama za hisabati. Kiini chake ni rahisi. Ndugu wa baba na mama mmoja wanashiriki, kwa wastani, nusu ya jeni walizorithi. Mjomba na mpwa wake hushiriki robo. Binamu hushiriki sehemu moja ya nane. Basi jeni inayomsukuma mtu, au mdudu, kumsaidia jamaa yake itaenea ikiwa faida anayoipata jamaa, ikizidishwa kwa kiwango cha udugu wao, inazidi hasara anayoipata msaidizi. Jeni haijali imo katika mwili gani. Nakala yake iliyomo katika mwili wa dada ni sawa na nakala iliyomo katika mwili wa mtoto. Nyuki mtumishi anayemlea dada yake anaendeleza nakala za jeni zake mwenyewe kwa njia ya mzunguko.

Kenya ina ushahidi mmojawapo wa ajabu kabisa wa jambo hili. Katika ardhi kavu ya nchi yetu, na pia Ethiopia na Somalia, huishi fuko asiye na manyoya, mwenye meno yaliyochomoza kama patasi. Mwaka 1981 mtaalamu Jennifer Jarvis, aliyeanza kuwachunguza wanyama hawa alipokuwa Nairobi, alitangaza kwamba wanaishi kama nyuki: malkia mmoja anazaa, madume wachache wanampanda, na waliobaki, ambao ni makumi, wanachimba, wanabeba chakula na kulea watoto wasio wao. Wanazaana wao kwa wao humo chini, kwa hiyo udugu wao ni mzito kupita wa kawaida. Huwezi kupata mfano bora wa jinsi desturi ya kupandana inavyobadili thamani ya jeni ya utumishi.

Hapa kuna kishawishi ambacho nimekisikia katika mazungumzo ya wasomi, nacho kinawahusu Wadigo wa Ukunda. Inajulikana kwamba kwa mila ya zamani ya Wadigo mali ilipita upande wa mama: mpwa alimrithi mjomba wake, na mvutano wa mila hiyo na sheria ya Kiislamu ya mirathi uliwashughulisha makadhi na watawala wakati wa ukoloni. Kuna waliotaka kueleza desturi za namna hiyo kwa hesabu ya Hamilton, wakisema mwanamume ana hakika ya udugu wake na mtoto wa dada yake kuliko mtoto wa mkewe. Mimi siafiki. Wagiriama ni ndugu wa Wadigo kwa lugha na kwa asili, miili yao haina tofauti inayofaa kutajwa, na bado wao hurithishana upande wa baba. Kama jeni ndizo zilizoandika sheria ya mirathi, mbona ziliandika sheria mbili kwa watu walewale? Mila zina historia yake, na historia hiyo haimo katika damu. Undugu wa nazi, wahenga walisema, hukutana chunguni. Hesabu ya Hamilton inaanza na kwisha kwenye mnazi.

Maneno yenyewe nayo yameleta utata. Sifa ya uchoyo ilipachikwa kwenye jeni na Richard Dawkins, mwalimu wa Oxford, katika kitabu chake cha mwaka 1976 kilichoegemea sana kazi ya Hamilton. Kulileta neno hilo katika Kiswahili si kazi ndogo. Tukisema jeni binafsi, msikilizaji atadhani ni jeni isiyo ya serikali, kama shule binafsi. Tukisema jeni yenye ubinafsi, tumeipa nafsi kitu kisicho na nafsi. Mimi natumia choyo, nikijua kwamba nayo ni sitiari. Jeni haina nia. Ni kama neno la mtaani linaloenea kwa vijana: halienei kwa sababu linaifaa lugha, linaenea kwa sababu linanata mdomoni. Jeni yenye choyo ni ile yenye hila ya kupita katika kizazi kijacho kwa zaidi ya nusu iliyo haki yake, hata kama mwili unaoibeba unadhurika.

Makala ya Hamilton ya mwaka 1967 ndiyo iliyofungua mlango huo, na kwa maoni yangu ndiyo bora kuliko zote alizoandika. Ilihusu uwiano wa madume na majike. Fisher alikuwa ameeleza kwa nini kwa kawaida idadi zao hulingana: majike wakizidi, kila dume hupata watoto wengi, basi mzazi anayezaa madume hufaidi, madume wakizidi, hali hugeuka. Mizani hujirudisha yenyewe. Lakini Hamilton alikusanya orodha ya wadudu ambao mizani yao imelala upande mmoja kabisa, na akauliza ni nini kilichovunjika. Jibu lake lilikuwa kwamba Fisher alichukulia kimyakimya kuwa kila dume anaweza kumpanda jike yeyote, popote.

Tazama nyigu wadogo wanaoishi ndani ya matunda ya mikuyu na jamaa zake wa jamii ya mtini, miti ambayo sisi wa Pwani hatuna haja ya kuonyeshwa. Jike hujipenyeza ndani ya tunda, huku mara nyingi mabawa yake yakikatika mlangoni, hutaga mayai na kufa humo. Watoto wa kiume hutangulia kutoka katika vijumba vyao. Hawana mabawa, wala hawatauona mwanga wa jua maishani. Kazi yao ni kuwapanda majike mle ndani, kisha wafe. Majike ndio wanaoruka kwenda kutafuta mti mwingine. Ikiwa ni mama mmoja tu aliyeingia katika tunda, basi wanawe wa kiume wanashindana wao kwa wao kuwapata dada zao, na kila dume wa ziada ni hasara tupu. Mama mwenye busara, tukisema kwa sitiari, atazaa madume wachache mno na majike tele. Wakiingia mama wawili, hesabu ya msingi ya Hamilton inasema madume wawe robo. Wakiingia wanne, wawe sehemu tatu za nane. Wakiwa wengi sana, tunarudi kwenye nusu ya Fisher. Waliokwenda baadaye kuwahesabu nyigu walikuta mwelekeo uleule. Hamilton mwenyewe alikaa Brazil akipasua matunda ya mitini, na mwaka 1979 akaeleza jinsi madume wa baadhi ya aina wanavyouana humo ndani kwa taya zao, uwanja wa vita usiozidi ukubwa wa gololi.

Sehemu ya pili ya makala hiyo ndiyo inayotuhusu zaidi. Kwa wanyama wengi dume hubeba kromosomu mbili tofauti za jinsia, X na Y. Mbegu yenye Y huzaa dume. Tuseme inatokea Y yenye choyo, inayoziharibu mbegu zenye X ili mbegu zote zitakazoshinda ziwe zake. Dume huyo atazaa wana wa kiume watupu. Hao nao, kwa kuwa wanapata majike sawa na madume wengine, watazaa wa kiume watupu. Y hiyo itaenea kama moto wa makuti, na kila kizazi majike watapungua, mpaka abaki jike mmoja, kisha asibaki hata mmoja. Hakuna mahali ambapo uteuzi wa kimaumbile utaingilia kati kuiokoa jamii, kwani mpaka mwisho kabisa Y ile inaendelea kushinda. Hamilton alitaja kwamba hali inayofanana na hiyo ilikuwa imegunduliwa kwa mbu aina ya Aedes aegypti, yule wa mitungi na madebe anayeeneza homa ya dengi, na kwamba inaweza kutumiwa kama silaha dhidi ya wadudu.

Lakini angalia sharti lake. Y yenye choyo hushinda pale tu ambapo madume hutoka nje kutafuta majike wa watu. Iweke ndani ya tunda la mkuyu, ambamo kaka huwapanda dada zao, nayo itakufa siku hiyohiyo: dume aliyezaa wana watupu hakuwaachia dada hata mmoja wa kumpanda. Kwa hiyo namna ya kupandana huamua ni choyo gani kinalipa. Na kinyume chake pia ni kweli, yaani choyo cha jeni kinaweza kuugeuza mchezo wote wa kutafutana.

Mfano wa kinyume hicho uko Uganda. Kuna kipepeo mwekundu wa kahawia aitwaye Acraea encedon, ambaye Denis Owen alimchunguza katika miaka ya 1960 alipokuwa akifundisha Makerere, akashangaa kukuta majike wengi wanaozaa majike watupu. Baadaye ilifahamika kwamba ndani ya mayai mna bakteria aitwaye Wolbachia. Bakteria huyu hurithiwa kwa mama peke yake. Akijikuta katika mwili wa dume amefika mwisho wa barabara. Basi humwua dume angali yai, na dada wa marehemu hubaki na chakula zaidi. Mahali pengine majike walipita asilimia 90. Mwaka 2000 Francis Jiggins na wenzake walieleza matokeo yake: majike walikuwa wakikusanyika makundi makundi juu ya vilima vyenye nyasi, wakiwangoja na kuwagombea madume wachache, wengi wao wakifa bila kupandwa. Mambo hayo kwa vipepeo wengine hufanywa na madume. Karibu na Nairobi pia, katika ukanda ambamo aina mbili za kipepeo Danaus chrysippus hukutana, kuna bakteria mwingine mwenye tabia kama hiyo.

Wengine wameipima hoja hii maabara. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba nzi wadogo wa matunda walioishi na X yenye choyo walibadilika, ndani ya vizazi 10 tu, majike wakawa wanapandana upesi zaidi na madume wapya. Sababu ni kwamba dume mwenye X hiyo ana mbegu chache, kwani nusu imeuawa na choyo cha X. Jike akichanganya mbegu za madume kadhaa, mbegu za mwenye choyo hushindwa mbio. Tabia ambayo mtu angeiita uasherati wa nzi ni ngao.

Mchango wa tatu wa Hamilton ulikuja mwaka 1982, akishirikiana na Marlene Zuk. Walisema kwamba rangi na mikia ya ndege madume ni cheti cha afya: dume mwenye vimelea damuni hawezi kung'ara, na jike anayemchagua anayeng'ara anawachagulia watoto wake jeni zinazohimili magonjwa ya wakati huo. Kwa kuwa vimelea navyo hubadilika kila siku, hakuna jeni iliyo bora milele. Mwaka huohuo, hapa kwetu, Malte Andersson wa Sweden alichapisha jaribio lake la uwanda wa Kinangop. Aliwakata mikia baadhi ya ndege weusi wenye mikia ya karibu nusu mita, akawaunganishia wengine kwa gundi. Waliorefushiwa walipata majike wengi zaidi katika maeneo yao. Jaribio hilo lilithibitisha kwamba majike huchagua. Halikuthibitisha kwamba wanachagua afya. Nadharia ya vimelea imeungwa mkono na baadhi ya tafiti na kukanushwa na nyingine, na sioni haya kusema kwamba kesi hiyo haijafungwa.

Maisha yake ya kazi nitayapitia haraka. Alifundisha katika Chuo cha Imperial, London, tangu 1964, bila kupandishwa cheo kwa miaka mingi. Alikuwa mhadhiri mbovu, wa kunong'ona na kuupa ubao uso na wanafunzi mgongo. Akaenda Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, na mwaka 1984 akarudi Uingereza kuwa profesa wa utafiti Oxford. Heshima zilimjia kwa mkupuo mwaka 1993, alipopewa tuzo ya Crafoord ya Sweden na ile ya Kyoto ya Japani. Alioa mwaka 1967 na kupata mabinti watatu.

Wasifu wa kweli hauachi mabaya. Uzeeni Hamilton aliandika kwamba tiba ya kisasa inalimbikiza kasoro za urithi katika binadamu, na kuhusu watoto wachanga wenye ulemavu mkubwa aliandika mambo ambayo mzazi yeyote atayasoma kwa uchungu. Ni ajabu kwamba maneno hayo yametoka kwa mtu aliyefufuliwa na kisu cha daktari akiwa na miaka 12, kisha akaenda kuyaeleza maumbile kwa namna ambayo hakuna mwenye mwili mzima aliyewahi kuyaeleza. Mwanahisabati huyu hakuweza kujijumlisha mwenyewe katika hesabu yake. Vilevile nawashangaa wanaume wa hapa petu wanaosikia nusu ya habari hizi na kudai kuhangaika nje ya ndoa ni maumbile. Hesabu za Hamilton zinasema ni nini kilichoenea. Hazisemi ni nini kilicho halali, na kwa nyigu zinamalizikia katika kifo ndani ya tunda.

Turudi kwa mbu. Mwaka 2003 Austin Burt, wa Chuo kilekile cha Imperial, alieleza jinsi jeni yenye choyo inavyoweza kutengenezwa kwa makusudi. Mwaka 2018 wenzake wa chuoni hapo walitangaza kwamba wameingiza kipande cha namna hiyo katika mbu Anopheles gambiae, mmojawapo wa waenezaji wakuu wa malaria katika Afrika. Jike mwenye nakala mbili haumi wala hatagi. Katika vizimba vyao mbu walikwisha wote ndani ya vizazi kati ya saba na 11. Hadi sasa hakuna mbu wa aina hiyo aliyeachiliwa porini. Lakini matayarisho ya utafiti yamefanyika Entebbe, katika Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, na Bagamoyo, katika kituo cha Taasisi ya Afya ya Ifakara; na mwezi Agosti 2025 serikali ya Burkina Faso iliusimamisha mradi uliokuwa umeanza nchini mwake na mbu wa aina nyepesi zaidi.

Mimi si mpinzani wa utafiti huo. Malaria imewaua watoto wetu kwa karne nyingi, na atakayeimaliza tutampokea kwa vigelegele. Ninachodai ni kwamba maswali ya Hamilton yaulizwe waziwazi, na kwa lugha ambayo mwenye nyumba anaielewa. Mbu wa Anopheles hupandana magharibi jua linapotua, madume wakiwa wameunda wingu dogo juu ya uwanja au kichuguu, jike akiingia humo na kutoka na mmoja. Je, mbu aliyelelewa kizimbani atalijua wingu hilo? Majike wakianza kumkwepa je? Wakianza kupandana ndugu kwa ndugu, ambapo choyo cha jeni hukosa nguvu? Maswali hayo ni ya kisayansi kabisa, na majibu yake yatapatikana kwenye vichuguu vya vijiji kama vya kwetu. Mbu hasimamishwi Lunga Lunga kuonyesha pasipoti. Kitakachoachiliwa upande mmoja wa mpaka ni cha pande zote mbili. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza, lakini serikali ilipoondoa marufuku ya vyakula vilivyobadilishwa jeni mwezi Oktoba 2022, mjadala wenye uzito uliendeshwa kwa Kiingereza mahakamani na mahotelini, na mkulima wa Kwale akasikia mwangwi tu. Ridhaa iliyotiwa saini kwa lugha usiyoielewa si ridhaa.

Zipo sababu za kuhimiza uwazi huo, na mojawapo ni safari ya mwisho ya Hamilton mwenyewe. Mwaka 1999 mwandishi Edward Hooper alitoa kitabu kikubwa kilichodai kwamba Ukimwi ulitokana na chanjo ya polio ya majaribio, ambayo watu wapatao milioni moja wa Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi walipewa kati ya 1957 na 1960, na kwamba huenda ilitengenezwa kwa figo za sokwe. Kambi ya sokwe waliotumiwa na watafiti hao ilikuwa Lindi, karibu na Kisangani. Si Lindi ya Tanzania, ingawa jina ni moja. Waliotengeneza chanjo walikanusha. Hamilton aliandika dibaji ya kitabu. Hakusema ana hakika. Alisema dhana hiyo haikupimwa, na kwamba wakubwa wa sayansi walikuwa wakiikwepa kwa sababu ya aibu badala ya kuipima. Njia ya kuipima ilikuwa kukusanya mkojo na kinyesi cha sokwe wa misitu ya Kisangani na kuangalia kama virusi vyao vinafanana na vya binadamu.

Akaenda mwenyewe, mara mbili, akiwa na umri wa miaka 63 katika safari ya pili ya Januari 2000. Alifuatana na vijana wawili, Michael Worobey na Jeffrey Joy. Kisangani, mji ambao ni kama kituo cha mwisho cha Kiswahili kabla ya kuingia katika bahari ya Kilingala, ulikuwa vitani: majeshi ya Rwanda na Uganda yalikuwa yamepigana humo Agosti 1999, na yangepigana tena Mei na Juni 2000. Katika pengo hilo wazee wa vijiji na wawindaji waliwaongoza wageni hao msituni. Hamilton alishikwa na malaria, akarejeshwa London mwishoni mwa mwezi. Hospitalini alitokwa na damu nyingi ndani ya njia ya chakula, akapoteza fahamu, na baada ya wiki tano, tarehe 7 Machi 2000, akafariki. Wengi husema aliuawa na malaria. Ukweli ni kwamba kilichomwua ni damu ile, ingawa malaria ndiyo iliyomlaza.

Na ile dhana? Chupa za chanjo ya zamani zilizokuwa zimehifadhiwa zilipimwa, na hazikukutwa na virusi wala chembe za sokwe. Kisha mwaka 2004 Worobey, yuleyule aliyekuwa naye msituni, alitangaza na wenzake kwamba virusi vya sokwe wa Kisangani ni vya ukoo mwingine, mbali na vile vya binadamu, ambavyo asili yake ni sokwe wa upande wa magharibi, karibu na Kameruni. Mwaka 2008 alikadiria kwamba virusi vilishaanza kuenea kwa watu yapata mwaka 1908, nusu karne kabla ya chanjo. Hamilton alikuwa amelitetea swali, na mwanafunzi wake wa safari akaleta jibu lililolizima. Habari hiyo ya pili haikusafiri kwa kasi ya ile ya kwanza: mwaka 2003 baadhi ya viongozi wa kaskazini mwa Nigeria walisimamisha chanjo ya polio, wakihofia pamoja na mengine kwamba ina Ukimwi, na polio ikarudi hata katika nchi zilizokuwa zimeiondoa.

Hamilton alikuwa ameandika miaka kadhaa kabla ya kufa kwamba maiti yake ilazwe katika msitu wa Brazil, wale mbawakawa wakubwa wanaozika mizoga waifukie na kuilisha watoto wao, ili atoke ardhini akiwa kundi la mbawakawa wanaovuma usiku. Haikuwezekana. Alizikwa Wytham, kijiji kidogo kando ya msitu nje ya Oxford, ambako mbawakawa wa aina hiyo hawapo.